Hodi kwa Mwami wa Stockholm

Suti ya kijivu ilikuwa imening'inia kwenye mlango wa kabati kwa siku ishirini na nane, na mwenyewe hajaivaa hata mara moja. Mzee Baudouin aliishona kwa mkono wake huko Uvira, kando ya ziwa, wiki ile ile viza ilipotoka, akijua siku atakayoivalia: siku ambayo binti yake atampeleka kwa mfalme wa Sweden.

Hakuwa na wazimu. Hakutarajia kuketi sebuleni kwa mfalme wala kunywa naye chai. Lakini alikuwa mtu wa Uvira, na kwao mgeni haingii katika nchi ya mwami, yaani mfalme, akala, akalala, kisha akaondoka bila kufika uwanjani pake kupiga hodi. Hata mwami asipotoka, wewe umefika. Miguu yako imesema asante.

Perpétue alikuwa amemwahidi tangu siku ya kumpokea uwanja wa ndege. Ila siku zilimponyoka. Asubuhi alisafisha maofisi ya Kista, mchana akavuka mji mzima kwa treni hadi Flemingsberg kusafisha wodi za hospitali, na akirudi Alby, ghorofa ya sita, humkuta babake ameketi mbele ya televisheni isiyojua lugha yake, amevaa soksi mbili mbili, ugali umefunikwa mezani. Mwezi mzima mzee aliiona Ulaya kupitia dirisha la jikoni: magari yaliyofunikwa na theluji, mti mmoja, na jengo jingine lililofanana na lao kama pacha.

Ilibaki siku moja tu ya mapumziko kabla mzee hajapanda ndege. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na nne Desemba, mwaka elfu mbili na kumi.

Miaka saba Sweden, na Perpétue hakujiuliza. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye. Alijua kwamba Waswidi husherehekea Krismasi katika mkesha wake. Ndiyo maana kazini walimpa ruhusa. Lakini hakuunganisha mambo mawili, kwamba kama fagio lake limepumzika, basi na wenye funguo za nyumba ya mfalme nao wamepumzika.

Waliondoka saa nne na nusu. Mzee alivaa suti, juu yake koti zito la kuazima kutoka kwa ndugu mmoja wa kanisani, na kofia ya sufu ya kijani. Ndani ya treni aliketi wima, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha.

"Ile ni yetu?" aliuliza, akionyesha mstari mwekundu kwenye ramani iliyobandikwa juu ya mlango.

"Ni yetu, Papa. Yetu ni nyekundu."

Walishuka Gamla stan, mji mkongwe, wakapanda vichochoro vya mawe mpaka kasri likasimama mbele yao, kubwa, la rangi ya udongo mkavu, madirisha mengi kuliko ya Uvira nzima. Mzee alivua kofia.

"Vaa, Papa. Baridi itakuua."

"Kwa mwami mtu haingii na kofia."

Mlangoni palikuwa na karatasi ndani ya plastiki. Perpétue aliisoma mara mbili. Akavuta mpini. Akausukuma. Askari kijana aliyesimama kwenye kibanda chake, bunduki kifuani, pua nyekundu kwa baridi, alitikisa kichwa na kumwambia kwa upole kwamba leo kumefungwa, na kesho pia, mpaka baada ya sikukuu.

"Anasema nini?" aliuliza mzee.

"Stängt. Kumefungwa."

"Stängt," alirudia mzee, polepole, kama anayeonja chakula kigeni. "Basi mwami ametoka. Ana washauri?"

"Kuna Bunge. Haiko mbali."

Walivuka daraja dogo. Upepo ulipanda kutoka majini ukapita ndani ya nguo kana kwamba hawakuvaa kitu. Bunge nalo milango yake ilikuwa imefungwa, hakuna mtu, hata mlinzi. Karatasi nyingine. Mzee, ambaye hakujua kusoma Kiswidi, alilitambua lile neno kwa umbo lake akalitaja kabla binti yake hajafungua mdomo.

 Perpétue alikumbuka jumba la makumbusho la serikali ng'ambo ya maji, lenye meli ya kale iliyokaa chini ya bahari zaidi ya miaka mia tatu kisha ikainuliwa. Mtu wa ziwani ataipenda meli. Walisubiri basi dakika ishirini na tano, mzee akipigapiga miguu chini, na walipofika wakakuta wageni wengine wawili, Wajapani, wamesimama mbele ya mlango wakitazamana. Perpétue hakuhitaji kusogea karibu.

Saa nane kasoro walikuwa wamerudi mji mkongwe. Mikahawa ilikuwa imefungwa. Maduka yamefungwa. Ndani ya madirisha ya watu mishumaa iliwaka, na harufu ya nyama ya kuokwa ilitoka sijui wapi. Mzee aliketi kwenye ngazi za nyumba moja, akakunja mikono kwapani.

"Nitawaambia nini watu wa Uvira?" alisema. "Kwamba nilikaa Ulaya mwezi muzima, nikaona ukuta?"

"Papa, mimi sikujua."

"Mulango moja kufungwa ni bahati mbaya. Mitatu, mama? Mitatu ni neno. Ulituandikia kwamba wewe ni infirmière, muuguzi wa hospitali kubwa. Mutu mukubwa hajue siku ya mulango kufunguliwa?"

Hakuwa amesema kwa ukali. Angepayuka, labda Perpétue angenyamaza, kwani hasira za baba mtoto huziinamia. Lakini sauti ile ya mtu aliyechoka kutumaini ilimpasua mahali ambapo miaka saba alipaziba.

"Mimi si infirmière!" alipiga kelele, na sauti ikagonga kuta za kichochoro. "Mimi nasafisha vyoo, Papa. Vyoo! Asubuhi Kista, mchana hospitalini. Huyo mfalme hakujui. Hata mimi hanijui. Hakuna mtu hapa anayejua kama tuko. Na wewe umekuja kukaa unanitazama kwa macho hayo, kila siku, kila siku. Bora ungebaki Uvira!"

Mzee alimtazama.  Kisha akainamisha macho kwenye viatu vyake vyeusi alivyovipaka rangi asubuhi ile.

Perpétue alijifuta uso kwa glavu. "Nakwenda kutafuta chai," alisema. "Usiondoke hapa." Akateremka kuelekea stesheni, ambako alikumbuka kuna kibanda kinachouza magazeti na kahawa. Kibanda kilikuwa wazi, msichana mmoja akifunga hesabu ili naye aende kwao. Perpétue alichukua vikombe viwili. Njiani kurudi alikuwa akipanga maneno ya kuomba msamaha. Yalikuwa maneno mazuri.

Ngazi zilikuwa tupu.

Mwanzoni hakuogopa. Aliita. Akaenda mpaka mwisho wa kichochoro, akarudi, akaenda upande wa pili. Aliweka vikombe chini juu ya theluji akaanza kukimbia. Alirudi kasrini. Yule askari alikuwa amebadilishana na mwenzake, na mwenzake hakumwona mzee yeyote mweusi mwenye kofia ya kijani. Kanisa kuu lililo karibu lilikuwa na ibada, watu wamejaa, watoto wamevaa nguo nyekundu. Perpétue alipita kati ya viti akitazama visogo, watu wakigeuka kumwangalia, mpaka mama mmoja akamshika mkono na kumuuliza kama anahitaji msaada. Alijaribu kujibu na Kiswidi chote kikamtoka kichwani. Alisema tu, "Pappa. Min pappa."

Mama yule alitoka naye nje wakatazama pamoja barabarani, kushoto na kulia. Hakukuwa na mtu. Saa tisa ilikuwa inagonga, saa ambayo nchi nzima huketi mbele ya katuni za Krismasi, na jua lilikwishazama.

Perpétue alipiga simu polisi. Sauti ya mwanamume ikamuuliza kwa utulivu umri wa mzee, nguo zake, kama ni mgonjwa, kama ana simu, kama anazungumza Kiswidi au Kiingereza. Hapana, hapana, hapana. Ana karatasi yoyote yenye anwani? Perpétue alifumba macho. Pasi ilikuwa kwenye droo ya jikoni. Alikuwa ameiweka yeye mwenyewe, isije ikapotea.

"Ni digrii kumi na nne chini ya sifuri," alisema yule polisi. "Tunatangaza sasa hivi kwa magari yote. Weka simu yako karibu."

Kisha alienda majini. Hakutaka kwenda, miguu ilimpeleka. Barafu ilikuwa imeshika kandokando, na katikati maji yalikimbia meusi, yakitoa mvuke. Alishika chuma cha daraja akatazama chini akitafuta kitu cha kijani. "Bora ungebaki Uvira." Aliyasikia maneno yale kwa sauti yake mwenyewe, tena na tena, na kila mara yalikuwa na ncha mpya. Mamake alizikwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu yeye akiwa huku, akisubiri hati ya kusafiria. Mzazi mmoja alimpoteza kwa sababu ya umbali. Huyu wa pili alimvuta mpaka mkononi mwake, kisha akamsukuma kwa kinywa.

"Mungu, si leo," alisema kwa sauti. "Chukua kingine. Chukua chochote."

Paskalia, ambaye Perpétue alikuwa amempigia simu na kumsimulia kila kitu, alimkuta pale pale darajani. Paskalia alikuwa Mhaya wa Bukoba, muuguzi wa kweli, rafiki aliyempata kwenye korido za Flemingsberg. Yeye alikuwa na gari dogo na moyo usiotetereka.

"Ingia garini," alisema.

"Dada, amejitupa. Mimi ndiye nimemuua."

"Ingia garini, nimesema. Mzee aliyepaka viatu rangi hajitupi majini. Ana hela ya tiketi?"

"Tiketi yake ya leo anayo mfukoni."

"Basi amerudi nyumbani. Tumpigie jirani."

Jirani wa Alby alikwenda kugonga, akangoja, akapiga tena simu. Hakuna mtu. Kutoka mji mkongwe hadi Alby ni nusu saa, na sasa ilikuwa saa kumi na nusu.

Paskalia alikaa na mikono kwenye usukani, akifikiri. "Hapo Gamla stan," alisema mwishowe, "treni za kwenda kusini zinasimama jukwaa moja. Nyekundu upande huu, kijani upande ule. Na mabehewa yenyewe yote ni sawasawa, hayana nyekundu wala kijani. Yeye anajua nini? Anajua tu kwamba asubuhi alishuka hapo."

Perpétue alijipiga paji la uso. Mstari wa kijani una ncha tatu kusini, mbali mbali kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Aliwapigia tena polisi akawaambia. Kisha wakaenda ncha ya kwanza. Alishuka akakimbia jukwaani, akatazama kila benchi, akaita jina la babake kati ya majengo mpaka watu wakafungua madirisha. Hakuna. Walikuwa njiani kwenda ncha ya pili, theluji imeanza kuanguka, wakati simu ilipolia.

Perpétue hakuweza kuishika. Paskalia alisimamisha gari kando akaipokea yeye. Alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akauliza swali moja fupi, akakata.

"Yuko hai," alisema. "Amepelekwa hospitali. Yuko hai, Perpétue, pumua."

Ilikuwa hivi, kama walivyosimuliwa baadaye na mzee mwenyewe na mhudumu wa gari la wagonjwa. Mzee alipanda treni isiyo yake. Aliona vituo haviitwi majina aliyoyasikia asubuhi, lakini akasema moyoni kwamba mbele yatakuja. Treni ilipofika mwisho watu wote wakashuka, naye akashuka. Nje aliona majengo marefu, sehemu ya kuegesha magari, mti. Akatafuta namba ya jengo lao, kumi na nne, akaipata. Mlangoni palikuwa na vile vitufe vya namba za siri, kama vya Alby. Akavua glavu ya mkono wa kulia, kwa sababu vitufe ni vidogo, akabonyeza namba nne alizokariri. Mlango haukufunguka. Akabonyeza tena.

Zaidi ya saa nzima alibonyeza. Watu wawili walipita mbali, aliwaita kwa Kifaransa, hawakusimama. Glavu ilianguka, na alipoinama kuiokota vidole havikukunjika. Akaendelea kubonyeza kwa kiganja, kisha kwa kiwiko. Mzee mmoja wa jengo lile alishuka kumpeleka mbwa nje, akamkuta ameegemea mlango amepiga magoti, akamburuta hadi ndani penye joto, akamfunika kwa koti lake mwenyewe, akaita msaada. Perpétue hakuwahi kumjua jina.

Alimkuta babake amelazwa chini ya blanketi la kupasha joto, mikono yote miwili imefungwa bendeji nyeupe mpaka kwenye vifundo. Suti ilikuwa imekatwa kwa mkasi ili kumvua. Vipande vyake vilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda.

Perpétue alipiga magoti sakafuni, kichwa kwenye chuma cha kitanda. "Papa, unisamehe. Niliyosema kule, unisamehe. Ulikasirika ukaniacha, na ulikuwa na haki."

"Kukasirika?" Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nilikuona unalia, mama. Nikasema moyoni, huyu mutoto hajapumzika tangu nimefika. Siku yake moja nimemutembeza kwenye baridi juu ya mambo yangu ya mwami. Wacha nirudi nyumbani mbele yake, nipike, akute chakula ni moto." Alivuta pumzi. "Nilitaka tu kuwasha jiko."

 Perpétue alilia bila sauti, na mzee, asiye na mkono wa kumgusa, alisogeza kiwiko mpaka kikagusa kichwa chake.

"Na hiyo kazi yako," alisema mzee. "Ilikuwa vyema utuambie. Mimi ningekupigia magoti. Miaka saba unatutumikia peke yako, na sisi tuko tunajivuna juu ya kitu kingine."

Mkono wa kushoto ulipona. Wa kulia ulivimba, ukatoa malengelenge, kisha ncha za vidole vitatu zikaanza kuwa nyeusi. Ndege ya tarehe ishirini na saba iliondoka bila yeye. Asubuhi hiyo hiyo daktari alikuja, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akavuta kiti akaketi. Alieleza kwamba watasubiri wiki kadhaa waone nyama itaishia wapi kufa, lakini hataki kuwadanganya. Mkalimani hakupatikana kwa sababu ya sikukuu. Alimgeukia Perpétue. "Unaweza kumweleza babako?"

"Anasema nini?" aliuliza mzee.

Perpétue alikuwa amekwisha kusema uongo mwingi katika maisha yake, mwingi wa huruma, na hata sasa ulikuja wenyewe ukakaa kwenye ncha ya ulimi. Dawa itafanya kazi. Tusubiri. Babake alimtazama usoni kama fundi anayetazama kitambaa, akijua kilipolegea kabla hajakigusa.

"Vidole vitatu, Papa," alisema. "Watakata. Si vyote mpaka chini, ni kutoka hapa. Hiki, hiki na hiki."

Mzee alitazama bendeji. Miaka thelathini na minane mkono ule ulisukuma kitambaa chini ya sindano. Ulishona sare za shule za mitaa miwili, nguo za arusi, na sanda za watu aliowazika. Nje ya dirisha theluji ilianguka taratibu. Daktari alisubiri, hakuitazama saa.

"Muulize kidole gumba."

Perpétue aliuliza. "Gumba kitabaki. Na kidogo cha mwisho."

"Mukasi unashikwa na gumba na kidole cha kati," alisema mzee, si kwa yeyote. Kisha akamgeukia binti yake. "Mwambie asante kwa kusema ukweli."

Perpétue alitafsiri, na sauti ilimkatika katikati, akaanza upya.

Walikata mwishoni mwa Januari. Viza iliongezwa kwa barua ya daktari. Paskalia alikuja siku ya kumtoa, akaegesha gari mlangoni akapiga simu kusema yuko chini, kwamba mahali hapo hawaruhusu kusimama kwa muda mrefu. Perpétue alikuwa amemletea babake shati jipya. Akamsaidia kuingiza mikono, akaanza kifungo cha juu.

"Wacha," alisema mzee. "Nitafunga mwenyewe."

Kifungo cha kwanza kiliteleza. Akakirudia. Kiliingia nusu kwenye tundu lake, kikatoka. Jasho lilimtoka juu ya nyusi. Simu ya Perpétue ilitetemeka mfukoni, ikaacha, ikatetemeka tena. Yeye aliketi kando ya kitanda, mikono imebanwa katikati ya mapaja isije ikamsaliti, akimtazama babake akihangaika na kile kifungo, na vingine sita bado vinangoja chini yake.